Sura ya Saba: Mvumo Uliozimwa

Fundi alisema yuko tayari kutia sahihi.

Alilisema hilo kabla Inspekta hajakaa, kabla Sajini hajafunga mlango. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mabega yamemshuka, viatu vyake wazi bila kamba kwa sababu kamba zilichukuliwa mapokezi alipoingizwa mahabusu. Aliweka mikono juu ya meza, viganja vikitazama dari.

"Shikamoo, fundi," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo karatasi."

"Karatasi ipo. Kwanza nieleze unatia sahihi nini."

"Kwamba nimemuua."

"Umemuua vipi?"

Fundi alinyoosha mkono kutafuta kalamu. Sajini, aliyekuwa amesimama ukutani na kalamu mkononi, alikohoa.

"Afande, mtu akikubali mwenyewe, sisi ni nani tumbembeleze akatae?"

Inspekta alivuta kiti akakaa, akafungua jalada. Alikuwa amerudi kazini asubuhi hiyo baada ya likizo ya msiba. Mkuu wa kituo alimpa jalada hili kwa sababu lilikuwa limekwisha. "La kuanzia taratibu," alimwambia. "Mzee atie sahihi, ulipeleke kwa mwendesha mashtaka." Watu watatu walimpa pole kwenye korido. Wote aliwajibu ahsante, na mmoja wao akamwomba kalamu.

Maelezo yalikuwa mafupi. Marehemu alikuwa mpiga gitaa, jina lake la mjini Solo, kwa kuwa ndiyo sehemu aliyoipiga katika bendi tangu akiwa shuleni. Alhamisi mchana alikutwa kwenye ukumbi wa mazoezi, ameanguka chini ya dirisha, gitaa la umeme lingali limening'inia begani. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa na alama za kuungua zenye upana wa nyuzi. Kiganja cha kulia kilikuwa na alama ya nondo ya dirisha. Daktari aliandika: umeme. Polisi walibeba gitaa na amplifaya. Fundi umeme wa kituo aliiwasha amplifaya karakana, akaigusa kwa testa pande zote, akaandika kwamba haina tatizo. Likabaki gitaa, nalo lilikuwa limetoka kwa fundi wiki hiyo hiyo. Kaka wa marehemu alikuja kituoni moja kwa moja kutoka makaburini, udongo ungali kwenye viatu, akasema kamata huyo mzee.

Inspekta aliinua gitaa kutoka kwenye mfuko wa vielelezo akalilaza mezani. Lilikuwa jekundu, rangi imebanduka pale mkono wa mpigaji ulipokuwa ukilala.

"Ulifanya nini humu?"

"Nilibadilisha pikapu."

"Mimi pikapu ninayoijua hubeba mchanga," Sajini alisema.

Fundi alimtazama bila kucheka, lakini kidole chake kikatoka kwenye meza kikaelekeza. "Hizi hapa chini ya nyuzi. Ni sumaku. Kila moja imezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Uzi ukitikisika juu yake, huo mzingo wa waya, koili, unausikia, unaupeleka kwenye amplifaya. Sauti ya gitaa inaanzia hapa. Mbao ni baadaye."

"Kwa nini alitaka kubadilisha?"

"Alikuwa na zile za koili mbili mbili. Zina sauti nene, zimetulia. Akaja akasema gitaa lake limekuwa kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Nikamtolea nilizokuwa nazo, tukajaribu mchana kutwa. Tunafungua, tunalehemu, anapiga, anatikisa kichwa. Mwisho akachagua hizi za koili moja. Hizi ni kali. Ukipiga uzi mwembamba unausikia mpaka kwenye meno. Ile ya karibu na shingo nikaipindua nyaya zake mara mbili mpaka zikakubaliana, maana mwanzo ukizifungua zote pamoja sauti inakonda kama inatoka kwenye simu."

"Ubaya wake nini?"

"Zinavuma. Koili moja inashika kila kelele ya umeme iliyomo chumbani: taa, feni, chochote. Koili mbili hufutiana ule mvumo. Moja haina wa kuifutia. Nilimwambia. Akasema gitaa lisilovuma ni kama nyumba iliyohamwa."

Inspekta aliliandika hilo, ingawa halikuwa na kazi yoyote kwenye jalada.

"Umeme wa ukutani unaingia wapi humu?"

"Hauingii. Umeme wa humu hauui hata mende. Ila nyuzi zote zimefungwa waya mmoja, chini ya daraja hili la chuma, unaokwenda mpaka kwenye bati la amplifaya. Lazima uwepo, la sivyo kelele inazidi. Sasa amplifaya ikiharibika ndani, bati lake likashika umeme, ule waya unauleta moja kwa moja kwenye vidole vya mpigaji."

"Kwa hiyo kila gitaa la umeme ni hatari."

"Ndiyo maana mimi huweka kizuizi kwenye huo waya. Kapasita na rezista, pamoja. Kelele ndogo zinapita, umeme mkubwa unakwama. Wengine hawaweki. Mimi nilipokuwa kijana nilimwona mtu akitupwa jukwaani. Tangu hapo kila gitaa linalopita mikononi mwangu naliwekea."

"Na hili uliliwekea?"

Fundi alitazama viganja vyake.

"Sikumbuki."

"Hukumbuki?"

"Mkono huweka wenyewe, mwanangu. Ni kama kufunga mlango wa nyumbani. Nani anakumbuka kufunga mlango? Kutwa kucha nimelala humu nikijaribu kukiona kile kizuizi, sikioni. Kama ningeweka, asingekufa. Amekufa. Basi sikuweka." Aliisogeza karatasi kwake. "Sahihi inakaa hapa?"

Inspekta aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Sajini, nani amelifungua hili gitaa tangu lilipoletwa?"

"Hakuna. Fundi umeme alisema humo hamna umeme, hakuna cha kutazama."

"Nipe bisibisi."

Kifuniko cha nyuma kilikuwa cha plastiki nyeusi. Alizitoa skrubu moja moja akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Ndani palikuwa safi. Nyaya nyembamba zilizovikwa uzi wa pamba zilipita kando kando ya ukuta wa mbao, zimefungwa pamoja kila zinapopinda. Vituo vya lehemu vilikuwa vidogo, vinang'aa. Karibu na daraja palikuwa na mrija mweusi wa plastiki wenye urefu wa kifundo cha kidole. Aliupasua kwa wembe. Ndani kulikuwa na vitu viwili vimefungwa ubavu kwa ubavu: kimoja cha kahawia, bapa kama punje ya dengu, kingine chenye mistari ya rangi.

"Hiki nini?"

Fundi aliinama.

"Ndicho."

"Kwa hiyo uliweka."

"Niliweka," fundi alisema, kama anayezungumza juu ya mtu mwingine. Kisha akainama zaidi. "Lakini huo mwingine ni nini?"

Juu ya mrija, kutoka ncha moja hadi nyingine, palikuwa na kipande cha waya. Kilikuwa kinene, kigumu, cha kijani chenye mstari wa njano. Lehemu yake ilikuwa na rangi ya majivu, imevimba kama bazoka iliyotafunwa.

"Huo si wangu."

"Unafanya kazi gani?"

"Unakiruka kizuizi. Umeme ukifika hapa hauna haja ya kukwama. Unapita juu kwa juu."

Sajini alikuwa amesogea, sasa kichwa chake kiliziba taa. "Si wake, Afande. Hata mimi mama watoto akinikuta na kitu mfukoni nasema si changu."

"Kweli," Inspekta alisema. "Sogea, nahitaji mwanga."

Alipiga picha. Kisha alikikereza kipande kile kwa wembe pembeni kabisa mwa lehemu mpaka kikatoka, akatazama kwa kioo cha kukuzia ncha zilizobaki. Zilikuwa zimezama kwenye lehemu, lakini zilionekana kidogo. Zilikuwa zimekatwa kwa koleo, na meno ya koleo hilo yalikuwa na pengo, kwa sababu shaba ilibaki na kijimwinuko chembamba katikati.

"Waya wa rangi hii unatoka wapi?"

"Kwenye plagi yoyote," Sajini alisema. "Ni waya wa ethi. Huo unaomeza umeme ukivuja, unaupeleka ardhini."

"Amplifaya ilijaribiwa na waya gani?"

"Waya gani?"

"Wa kuchomeka ukutani."

"Ah. Ilikuja bila waya. Fundi umeme alichomoa ule wa kompyuta ya mapokezi. Unaingia bila shida."

"Waya wake wenyewe uko wapi?"

Sajini alikuna shingo. "Utakuwa ukumbini."

"Hatukuuchukua."

"Hatukuuchukua, Afande."

Inspekta alifunga jalada. Karatasi ya kutia sahihi aliiacha nje, ikiwa tupu, na fundi aliitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

*

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la rangi, ngazi zake za nje zimesimama wima. Kuta zilikuwa zimegandishwa trei za mayai ili sauti isitoke. Dirisha moja, lenye nondo. Chini yake sakafu ilikuwa imepigwa deki vizuri kuliko mahali pengine.

Mwenye ukumbi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa mlangoni na mashine yake ya fotokopi. Alikuwa akitoa nakala huku akipiga kelele.

"Ai! Tena! Mashine hii sijui imeingiwa na nini. Kila nikiishika inanichonyota. Tangu majuzi."

Inspekta alisimama. Alifuata waya wa mashine kwa macho, kutoka nyuma yake hadi ukutani.

"Mama, waya huo umeupata wapi?"

"Huu? Wangu uliliwa na panya. Huu ulikuwa pale pale ukutani, ulikuwa wa ile amplifaya. Nikasema ukae bure wa nini?"

"Toa mkono kwenye mashine. Usiiguse. Sajini, zima swichi."

Mama Ukumbi alirudi nyuma mpaka akagota kwenye mlango. Aliinua mikono kama amewekewa bunduki.

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

Inspekta aliuchomoa waya akakaa nao kwenye ngazi ya juu, penye mwanga. Aliilegeza skrubu ya plagi. Nyaya mbili zilikuwa mahali pake, wa kahawia na wa buluu. Mguu wa tatu wa plagi, ule mrefu, haukuwa na kitu. Ganda la nje la waya lilikuwa limechunwa kuliko inavyohitajika, kisha likafungwa utepe mweusi. Aliuondoa utepe. Waya wa kijani wenye mstari wa njano ulikuwa umekatwa ndani kabisa. Shaba yake ilikuwa na kijimwinuko chembamba katikati.

Alitoa kile kipande mfukoni akakishika kando yake. Mstari wa njano ulikuwa umefifia kwa namna ile ile.

"Ni watoto wa mama mmoja," Sajini alisema polepole. Hakuongeza mzaha.

"Fundi wa magitaa amewahi kuja hapa?" Inspekta aliuliza.

"Yule mzee?" Mama Ukumbi alirudi karibu. "Kwa miguu ile? Hizi ngazi hawezi. Wao ndio humpelekea. Mimi toka mwanzo nilisema, mkitaka mbaya wake msiende mbali. Mtafuteni mpiga ngoma wao, Kishindo. Walitupiana maneno hapa mpaka nikawazimia taa. Huyo hapo chini, tena anajifanya hatuoni."

Kijana mrefu alikuwa ameketi juu ya ngoma iliyofunikwa, mbele ya duka la rangi. Aliitwa, akapanda akiwa amebeba vijiti vyake.

"Mimi? Afande, taa ya chumbani kwangu ikiungua naita jirani. Mimi na umeme hatusalimiani."

"Mligombana na Solo juu ya nini?"

"Juu ya ule mvumo. Gitaa lilitoka kwa fundi likiimba vizuri, sikatai, lakini ukiacha kupiga, vuuu. Nikamwambia linavuma kama friji. Akaniambia ngoma zangu zinalia kama milango ya choo. Ugomvi wenyewe ndio huo." Aligeuza vijiti mkononi. "Ningejua ningenyamaza. Tena siku ya pili uliisha."

"Nini kiliisha?"

"Mvumo. Jumatano nilipofika, kimya. Tukarekodi safi kabisa. Sijui aliufanyaje."

"Nani?"

"Besi. Kaka yake. Si yeye ndiye anayerekodi?"

"Ukumbi huu funguo wanazo kina nani?"

Mama Ukumbi alijibu kabla ya Kishindo. "Mimi, marehemu, na huyo kaka yake." Kisha akatazama waya ulio magotini mwa Inspekta, akatazama mashine yake, akafuta viganja vyake kwenye gauni.

*

Viti vya plastiki vya msibani vilikuwa bado vimepangwa ukutani barazani kwa kina Besi, vikingoja kurudishwa. Sajini alikaa kwenye kimoja. Inspekta alivua viatu akaingia peke yake.

Besi alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za siku kadhaa, shati limefungwa vifungo kombo. Nyuma yake palikuwa na mlango wenye pazia.

"Mama amelala?" Inspekta aliuliza.

"Hajalala. Amejilaza tu. Karibu, Afande. Ametia sahihi?"

"Bado."

"Anangoja nini?"

Inspekta alikaa kwenye sofa. Besi alimtazama usoni.

"Walisema na wewe ulikuwa msibani."

"Ndiyo."

"Nani?"

"Mume wangu."

"Unalala?"

"Nalala."

"Mimi pia. Watu wanadhani silali. Nalala kama gogo." Aligeukia kompyuta. "Unataka nini kwangu?"

"Niambie juu ya Jumatano."

"Tulirekodi. Subiri, nikusikilizishe."

Alibonyeza. Sebule ilijaa mvumo, mzito na wa chini, kisha gitaa likaingia juu yake, kali, linang'aa. Kila gitaa liliponyamaza mvumo ulirudi kujaza nafasi.

"Hiyo ni Jumanne. Umesikia? Sasa sikiliza Jumatano."

Gitaa lilikuwa lile lile. Lakini katikati ya noti na noti hapakuwa na kitu. Besi aliinua kidole kila palipotokea ukimya.

"Hapo. Umesikia? Hakuna. Na hapo."

"Uliufanyaje?"

Aliinama mbele. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata mwendo.

"Mvumo ulikuwa wa namna mbili. Mmoja ulitoka kwenye ethi. Amplifaya imeshika ethi ya ukutani, kompyuta nayo imeshika, basi zinazungushiana kelele. Ukiitoa ethi ya amplifaya kwenye plagi, umekata mzunguko. Watu wa studio wote wanafanya."

"Ukaitoa."

"Nikaitoa. Ukabaki mwingine, wa gitaa lenyewe. Nikalifungua. Nikakuta yule mzee ameweka takataka katikati ya waya wa nyuzi. Sasa waya umewekwa upeleke kelele ardhini, wewe unauwekea kigingi njiani, si ndiyo itavuma? Nikakiruka. Vidole vikiwa kwenye nyuzi, kimya kabisa."

"Ulikiruka kwa waya gani?"

"Kipande tu, kilekile nilichotoa kwenye..."

Gitaa liliendelea kwenye kompyuta, kwa sauti ndogo. Inspekta alitoa mifuko miwili ya nailoni akailaza mezani, mmoja kando ya mwingine. Katika mmoja kulikuwa na kipande cha waya wa kijani wenye mstari wa njano. Katika mwingine kulikuwa na plagi iliyo wazi, mguu wake wa tatu mtupu.

Besi aliitazama. Hakuigusa.

"Amplifaya ilipimwa," alisema. "Walisema haina kitu."

"Ilipimwa na waya wa kompyuta ya mapokezi. Waya mzima, wenye ethi. Ndani lazima inavuja. Ikiwa na ethi, umeme unakwenda ardhini na testa haioni. Bila ethi unakaa kwenye bati."

"Na kutoka kwenye bati..."

"Kwenye nyuzi. Alhamisi alikwenda kufungua dirisha, gitaa likiwa begani. Akashika nondo."

Inspekta aliyasema hayo kama anayesoma orodha ya vifaa. Alisubiri. Kisha akamaliza.

"Kimoja kisingemuua. Ungetoa ethi tu, kizuizi cha fundi kingemkinga. Ungekiruka kizuizi tu, ethi ingemkinga. Vyote viwili vilitoka siku moja."

"Kila alichowahi kurekodi kilikuwa na mvumo," Besi alisema. "Tangu tuko wadogo. Kanda zote. Yeye hajali, lakini mama siku hizi masikio yake yanachoka, anasema anasikia friji, hamsikii mwanawe. Nikasema hiki kimoja kitoke safi." Alisugua uso kwa viganja. "Aliniambia. Jumatano ile ile aliniambia..."

Aliigeukia kompyuta.

"Koleo lako liko wapi?"

Besi alivuta mfuko wa zana chini ya meza. Alilitoa koleo, akalifungua mwenyewe mbele ya taa, akatazama meno yake. Yalikuwa na pengo dogo katikati. Aliliweka kando ya ile mifuko miwili, akalinyoosha likae sawasawa nayo.

"Nani huyo?" Sauti ya mama ilitoka nyuma ya pazia.

"Ni Afande, mama."

"Amekuja na habari gani?"

Besi alisimama. Alifungua vifungo vya shati akavifunga upya, safari hii kila kimoja kwenye tundu lake.

"Fundi hana kosa, mama."

"Si nilikwambia? Mzee yule alikuwa akimpenda mdogo wako kama amemzaa. Nilikwambia, ukanifokea." Kitanda kililia, kama mtu anayegeuka. "Basi ni nani?"

Besi alimtazama Inspekta. "Naweza kuingia kwake kwanza?"

Taratibu zilikuwa wazi. Mtuhumiwa haachwi peke yake, haingii chumba kingine, hazungumzi na shahidi.

"Ingia."

Pazia lilifunguka likafunga. Inspekta alibaki ameketi, mikono magotini. Nyuma ya pazia sauti ya Besi ilianza, chini sana, haikuwezekana kutenga maneno.

Kwenye kompyuta wimbo ulifika mwisho. Noti ya mwisho ilivutwa ndefu, ikakonda, ikapotea. Hapakuwa na mtu wa kuizima, na rekodi ikaendelea. Vidole viliachia nyuzi, na mara mvumo ukapanda, ule ule wa Jumanne, mdogo zaidi, lakini upo. Kiti kikaburuzwa. Kisha sauti ya kijana, karibu na maikrofoni, imechangamka.

"Kaka, hizi nyuzi zinaning'ata leo."

"Ni mpya," Besi alijibu ndani ya rekodi. "Zitakuzoea."

"Haya."

Ikakatika.

Nyuma ya pazia maneno nayo yalikuwa yamekatika. Inspekta alisikiliza mpaka alipohakikisha kwamba kuna watu wawili wanaopumua. Alitoa mfuko mwingine wa vielelezo akatia koleo ndani, akaufunga. Kisha akampigia simu Sajini, ingawa alikuwa barazani, hatua chache tu kutoka pale alipoketi.

"Piga kituoni," alisema. "Ile karatasi ichanwe."

"Na mzee, Afande?"

"Wamrudishie kamba za viatu."